Majibu yaliyoandikwa: jinsi watumiaji wa Linux walivyosaidiana tangu 1991

Historia ya Linux husimuliwa mara nyingi kama habari ya kijana mmoja mwenye akili nyingi. Kijana huyo yupo, na tutamtaja. Lakini kazi yake isingefika mbali kama watu wasiojuana hawangekubali kujibu maswali ya wenzao, bila malipo na kwa maandishi. Hiyo ndiyo sehemu tunayoieleza leo, kwa sababu inatugusa sisi wa Kivu kuliko tunavyodhani.

Kwanza kwa wasioijua. Kila kompyuta ina programu mama inayoiamsha na kusimamia kila kitu ndani yake: kioo, vitufe vya kuandikia, diski, mtandao. Wengi wanaijua Windows. Linux ni nyingine ya namna hiyo, ila yenyewe hailipiwi, na kila mtu ana ruhusa ya kuifungua, kuibadilisha na kumpa mwenzake. Simu ya Android uliyo nayo mfukoni, hata ile ya bei ndogo, kiini chake ni Linux.

Ilianza na maswali. Mwezi wa Julai 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, Finland, aliwaandikia watumiaji wa Minix, programu ya kufundishia iliyotungwa na profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam. Alikuwa anatafuta maandishi ya kanuni fulani za kiufundi. Tarehe 25 Agosti akaandika tena, akiwa na miaka 21. Akasema anatengeneza programu mama ya bure, ya kujifurahisha tu, na akauliza wenzake wanapenda nini katika Minix na nini kinawaudhi. Septemba toleo la kwanza, 0.01, likatoka.

Torvalds mwenyewe alisimulia baadaye kwamba siku moja alitaka kuiamuru kompyuta yake ipige simu kwa modemu, akakosea jina la kifaa, na amri zile za kupiga simu zikaandikwa juu ya diski. Sehemu yenye Minix ikaharibika. Hakuirudisha, akabaki na Linux peke yake. Wale wanaoona haya kumwambia fundi kwamba wao wenyewe ndio walioharibu mashine, waikumbuke habari hiyo.

Miaka ile kuisakinisha Linux ilikuwa safari. Mwanzoni ulihitaji disketi mbili, moja ya kuiamsha mashine na nyingine yenye vifaa vya kazi, na yaliyobaki ulijitengenezea. Mwaka 1992 chuo kikuu cha Manchester kikatoa mkusanyo uliorahisisha mambo. Julai 1993 Patrick Volkerding akatoa Slackware, na Agosti mwaka ule Ian Murdock akaanzisha Debian. Slackware ilijaza disketi zaidi ya 20. Disketi moja ikikataa kusomeka katikati ya kazi, ilibidi uitafute upya na kurudia. Na kama uligawa diski vibaya, barua zako na picha zako za zamani zilikwenda. Ndiyo maana ushauri wa kwanza waliopewa wageni, kabla ya maelezo yoyote mengine, ulikuwa huu: weka nakala ya vitu vyako pembeni. Ushauri huo haujazeeka.

Maswali yalikuwa yale yale kila siku. Mgeni alikuja na tatizo, akajibiwa. Kesho yake mwingine alikuja na lile lile. Wenye kujibu wakachoka, na uchovu ule ukazaa kitu kizuri. Watu kama Matt Welsh, Lars Wirzenius na Michael K. Johnson wakaanza kukusanya majibu na kuyapanga. Kazi hiyo ikaitwa Linux Documentation Project, na maandishi yake mafupi yakaitwa HOWTO, maana yake "jinsi ya kufanya". Kulikuwa na moja la kadi za mtandao, moja la kuchapisha, moja la modemu. Mjerumani Olaf Kirch akaandika kitabu kizima juu ya kusimamia mtandao, kilichosomwa bure na pia kikachapishwa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo Linux ilipotoka mikononi mwa wataalamu wachache. Jibu la mdomo linamsaidia aliyeuliza. Likiandikwa, linamsaidia hata atakayeuliza miaka 10 baadaye, wakati aliyejibu ameshahama.

Mtandao ndio uliowatesa watu zaidi, na kwa sababu inayochekesha: ili uulize kwa nini intaneti haishiki, ulihitaji intaneti. Mtu alikwenda kwa rafiki mwenye mashine nzima, akasoma, akaandika kwenye karatasi au akabeba disketi, akarudi nyumbani kujaribu, ikakataa, akarudi tena. Sisi tunaotembea kilometa kadhaa kutafuta mahali penye réseau tunaijua safari hiyo.

Sehemu ya Linux inayoongea na mtandao ilipita mikono kadhaa. Ross Biro aliandika ya kwanza, Fred van Kempen akaiendeleza, kisha Alan Cox, aliyekuwa Swansea huko Wales, akaichukua na kuirekebisha kutokana na malalamiko ya watumiaji. Donald Becker, aliyefanya kazi katika kituo cha NASA, aliandika draiva za kadi nyingi za mtandao, yaani programu zinazoiwezesha kadi kuelewana na mashine. Mwishoni mwa miaka ya 1990 likaja balaa jipya: modemu za bei ndogo ambazo kazi yao nyingi ilifanywa na programu ya Windows. Ndani ya Linux zilikuwa bubu. Watumiaji wakatengeneza orodha: hii inafanya kazi, hii usinunue.

Katika kujibizana kule, wakazoea namna moja ya kutafuta ugonjwa wa mtandao, na mafundi wanaitumia hadi leo. Usiseme tu "intaneti haishiki". Jaribu hatua kwa hatua. Je, mashine inajiitikia yenyewe? Je, inaifikia ruta iliyo chumba cha pili? Je, inaifikia mashine ya mbali kwa nambari yake? Je, inaifikia kwa jina? Kama nambari inaitika na jina haliitiki, njia ni nzima. Kilichoharibika ni daftari la majina. Ni kama kumtafuta jamaa katika kambi kubwa. Ukiwa na nambari ya bloku na ya hema, utamfikia. Ukiwa na jina peke yake na mwenye orodha hayupo, utazunguka mchana kutwa, ingawa jamaa yako yuko pale pale.

Tufike kwenye ukuta wa ulinzi, ambao mafundi huuita fayawoli. Kila mashine iliyo kwenye mtandao ina milango yenye nambari, kuanzia 0 hadi 65535. Kurasa za mtandao hupita 80 au 443. Fundi anayeiongoza mashine kutoka mbali kwa kawaida hupita 22. Ukuta wa ulinzi unafanya kazi kama askari wa bariere mwenye karatasi mkononi. Anaisoma kutoka juu kwenda chini, na mstari wa kwanza unaomhusu msafiri ndio unaoamua. Ukiandika juu "wote wasipite" na chini yake "huyu apite", huyo hatapita kamwe, kwa kuwa askari hakufika mstari wa pili. Wageni wengi walikwama hapo hapo, na bado wanakwama.

Kuna kosa lingine lililojibiwa mara nyingi mno. Fundi yuko mji mmoja, mashine iko mji mwingine, anaiongoza kupitia mlango wa 22. Anataka kuilinda. Anaanza kwa kuandika kwamba kila kitu kifungwe, halafu afungue kimoja kimoja. Anabonyeza, na kimya. Amejifungia nje, na hakuna njia isipokuwa kusafiri au kumpigia simu mtu aliye karibu na mashine. Waliopatwa wakawafundisha wenzao mambo mawili. La kwanza, andika ruhusa yako mwenyewe kabla ya kufunga. La pili, iamuru mashine ifute masharti mapya yenyewe baada ya dakika 5, halafu uisimamishe amri hiyo ukiona bado uko ndani.

Lakini ukuta huo ulibadilishwa mara kwa mara. Mwaka 1994 Alan Cox alileta wa kwanza kutoka familia ya programu za BSD. Katika toleo la Linux 2.0 la mwaka 1996, watu walitumia chombo kiitwacho ipfwadm, kazi ya Jos Vos wa Uholanzi. Toleo la 2.2, mwaka 1999, likaja na ipchains ya Rusty Russell wa Australia. Januari 2001, toleo la 2.4 likaleta iptables. Januari 2014, toleo la 3.13 likaleta nftables. Kila mara amri zilibadilika. Mtu aliyefuata jibu la mwaka 1997 kwenye mashine ya 2001 aliambiwa na mashine kwamba amri hiyo haijulikani. Vibaya zaidi, angeweza kuamini kwamba amelindwa kumbe mlango uko wazi. Kwa hiyo waandishi wazuri wa HOWTO waliweka juu kabisa tarehe na nambari ya toleo. Jibu lisilo na tarehe lilikuwa hatari hata kama siku lilipoandikwa lilikuwa sahihi.

Hapa familia zilizokimbia kutoka Masisi au Rutshuru hazihitaji kufafanuliwa. Ujumbe wa sauti unazunguka simu hadi simu: barabara fulani ni salama, watu warudi. Umerekodiwa lini? Na nani? Akiwa wapi? Pengine aliyeutuma mara ya kwanza alisema ukweli, miezi 3 iliyopita.

Tusiwapambe watu hawa kupita kiasi. Wengine walikuwa na maneno makali. Mgeni aliuliza kwa heshima akaambiwa akasome kitabu, na kwa matusi. Mwaka 2001 Eric Raymond na Rick Moen walitoa mwongozo wa namna ya kuuliza vizuri: eleza ulichofanya, mashine uliyo nayo, na maneno kamili ambayo mashine imekuandikia, bila kuyafupisha. Ushauri mzuri, na unafaa hata kwa muuguzi au fundi wa pikipiki. Ila mwongozo huo ulimwekea mzigo mwingi aliyeuliza, na mwenye kujibu akaachiwa ukali wake. Wanawake waliliona hilo mapema. Deb Richardson alianzisha LinuxChix, yenye masharti mawili tu: kuwa na adabu, na kusaidia. Mwaka 2004 wazo hilo likapata tawi la Afrika, na Dorcas Muthoni wa Kenya akiwa miongoni mwa waanzilishi. Leo linajulikana kama AfChix.

Hata na ukali ule, kazi yao ilionekana. Gazeti la Marekani InfoWorld lilikuwa na tuzo ya msaada bora wa kiufundi, ambayo ungetegemea iende kwa kampuni yenye wafanyakazi wanaolipwa kupokea simu. Tuzo ya mwaka 1997 ilipewa jumuiya ya watumiaji wa Linux. Hawakuwa na ofisi wala mkurugenzi.

Afrika iliingia kwa mlango mwingine pia. Oktoba 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa Ubuntu, mkusanyo wa Linux wenye jina ambalo Mswahili yeyote anasikia ndani yake neno "utu". Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, ungeweza kuomba CD na ikatumwa kwa posta bure, jambo kubwa mahali ambapo kupakua mega 700 ni sawa na kula pesa ya chakula. Mwaka ule ule wa 2004, mradi wa KiLinux wa chuo kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyo kwa Kiswahili. Walilazimika kuamua maneno mengi ambayo lugha yetu haikuwa nayo, na si yote yaliyokubalika mitaani.

Na pale mtandao unapokatika kabisa? Tunakumbuka tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilipofungwa nchini mwetu kwa karibu siku 20. Fundi aliyezoea kutafuta kila jibu mtandaoni alikaa mikono mitupu. Tangu 2007 kuna Kiwix, programu ya bure inayohifadhi kurasa ndani ya simu au kompyuta zisomwe bila intaneti. Wengi huitumia kwa Wikipedia, lakini hubeba pia mkusanyo wa Ask Ubuntu, maswali na majibu ya watumiaji wa Linux, kila moja na tarehe yake. Unapakuliwa mara moja, unawekwa kwenye kadi ya kumbukumbu, na mwenye kadi anaweza kumnakilia jirani bila kutumia mega hata moja. Sehemu kubwa ya majibu hayo ni kwa Kiingereza. Kwa Kifaransa yapo mengi pia, kwingineko. Kwa Kiswahili bado ni machache sana.