Ukiandika "Madimba" kwenye Google

Andika "Madimba" kwenye simu uone. Sehemu kubwa ya yanayokuja ni gesi: mtambo wa Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) wa kuchakata gesi, bomba la kwenda Dar es Salaam, uzinduzi wa Oktoba 2015. Hutakosa na Madimba ya Kongo. Korosho na uvuvi wa huku kwetu Mtwara Vijijini utavitafuta sana.

Simu haikukimbilia kijijini ulipobonyeza. Kazi ilishafanyika kabla: programu hupita mtandaoni zikifuata viungo, ukurasa hadi ukurasa, na kila neno linaingizwa kwenye faharasa, kama ile ya mwisho wa kitabu. Ukiuliza, kinachopekuliwa ni faharasa hiyo.

Wa kwanza kuunda mtambo wa kutafuta kwenye intaneti ni Alan Emtage, mzaliwa wa Barbados. Mwaka 1990, akiwa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, alichoshwa na kusaka programu za bure kwenye kompyuta za mbali, akatengeneza Archie. Archie ilijua majina ya mafaili tu. Usipolijua jina, imekula kwako. AltaVista ya Desemba 1995 ikaja kusoma kurasa nzima. Lakini kati ya kurasa maelfu zenye neno moja, ipi itangulie?

Jibu la Larry Page na Sergey Brin wa Stanford, walioanzisha Google mwaka 1998, lilikuwa kuhesabu viungo. Kila kiungo ni kura kwa ukurasa kinakoelekea, na kura ya mkubwa ina uzito kuliko ya mdogo. Siku hizi vigezo ni vingi, ila hicho bado kimo.

Hapo ndipo Madimba ilipofunikwa. Gesi ya Mnazi Bay, inayochakatwa Madimba, iligunduliwa 1982, ila kurasa zilifurika baada ya ugomvi wa bomba wa 2013 na vurugu za Mtwara mjini. Magazeti yaliandika, wawekezaji wakaandika, wote wakielekezana. Wenyeji nao huandika kila siku, bei ya korosho, misiba, mechi, lakini kwenye makundi ya WhatsApp, na huko Google haiingii.

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, inayo makala ya kata ya Madimba. Ni mistari michache, idadi ya watu ikiwemo. Juu yake kuna kitufe cha "Hariri", na hakichagui mtu.