Siku ya Ukombozi na Mji wa Kalemie

Wakazi wa visiwa vya Jersey na Guernsey, vilivyokaliwa na majeshi ya Ujerumani tangu 1940, huadhimisha tarehe 9 Mei kila mwaka, kwa kuwa siku hiyo ya 1945 ndiyo waliyokombolewa. Huko sikukuu ya serikali na kumbukumbu ya wenyeji ni kitu kimoja. Katika mji wa Kalemie, ulioitwa Albertville hadi 1966, mambo hayo mawili yameachana.

Tarehe 17 Mei 1997 wapiganaji wa AFDL waliingia Kinshasa, na Laurent-Désiré Kabila, akiwa Lubumbashi, akajitangaza Rais. Siku hiyo iliingizwa katika kalenda ya taifa kuwa Siku ya Ukombozi. Lakini hiyo ni tarehe ya Kinshasa. Kalemie ilikuwa imekwisha kutekwa na wapiganaji hao hao tangu Februari. Wala halikuwa jambo geni kwa wazee wa mji: mwaka 1964 waliuona ukiangukia mikononi mwa waasi wa Simba, ambao Kabila mwenyewe alikuwa miongoni mwa viongozi wao, kisha ukirudishwa na jeshi la serikali kabla ya mwaka kwisha. Katika machafuko ya Juni mwaka huo aliuawa Jason Sendwe, rais wa jimbo la Katanga ya Kaskazini.

Neno lenyewe lastahili kuangaliwa. Kukomboa, kwa asili yake, ni kutoa malipo ili kurejeshewa kilichowekwa rehani. Anayekomboa hulipa. Mwaka 1997 majeshi ya Rwanda yaliyoisaidia AFDL yalihesabiwa kuwa wakombozi. Agosti 1998, baada ya Kabila kuyafukuza, yalirudi pamoja na waasi wa RCD, na kabla ya mwezi huo kwisha Kalemie ilikuwa chini yao. Basi sikukuu ya tarehe 17 Mei ya 1999, ya 2000, ya 2001 na ya 2002 iliukuta mji ukitawaliwa na wale wale waliokuwa wameukomboa.

Miaka hiyo Kalemie ilikuwa kama kisiwa, ingawa iko bara. Reli ya kwenda Kabalo ilikatwa na mstari wa vita, kwani Kabalo ilibaki mikononi mwa serikali ilhali Nyunzu ilishikwa na waasi. Iliyobaki wazi ni njia ya ziwa, na watu wengi wa ukanda huo walivuka kwenda Kigoma, katika kambi za Lugufu na Nyarugusu. Uchunguzi wa vifo uliofanywa na shirika la International Rescue Committee, ukihusisha Kalemie na Moba, ulionyesha kwamba waliouawa na malaria, kuhara na utapiamlo walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa silaha. Malipo ya ukombozi, kwa hiyo, hayakutolewa na wapiganaji peke yao, na sehemu iliyo kubwa zaidi haikuandikwa popote.

Mkataba wa Pretoria wa tarehe 30 Julai 2002 uliyataka majeshi ya Rwanda yaondoke, nayo yakakamilisha kuondoka rasmi mapema Oktoba. Utawala wa RCD uliendelea Kalemie mpaka serikali ya mpito ilipoundwa katikati ya 2003. Katika kalenda ya sikukuu za taifa hakuna hata siku moja ya Oktoba.