Ndara zilizotupwa zazaa vichezeo na jahazi Lamu

Ndara za mpira ni kiatu cha bei nafuu kinachovaliwa na mamilioni ya watu kandokando ya Bahari ya Hindi. Kanda zikikatika hutupwa, na kwa kuwa huelea, mawimbi huzichukua hadi fuo za mbali. Katika funguvisiwa la Lamu, kaskazini mwa pwani ya Kenya, takataka hizo zimezaa ubunifu ambao chimbuko lake ni michezo ya watoto.

Watoto wa Kiwayu

Kisiwa cha Kiwayu kimo katika eneo la Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotengwa mwaka 1979. Fuo zake zinazoelekea bahari kuu hupokea takataka zinazosukumwa na pepo za msimu. Fuo hizo hizo ndizo ambako kasa hupanda usiku kutaga mayai. Takataka zikirundikana, kasa hutatizika kuchimba kiota, na watoto wao wanaoanguliwa huzuiwa njia ya kuelekea majini.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, mhifadhi wa bahari Julie Church aliwaona watoto wa kisiwani wakijitengenezea vichezeo kwa ndara walizookota ufuoni. Mpira huo ni mwepesi, hukatika kwa kisu cha kawaida, na haununuliwi. Wanawake wa huko walihimizwa kuziokota, kuziosha na kuzikata ili watengeneze vitu vya kuuza.

Kazi hiyo ilikua na kuhamia Nairobi, ambako kampuni ya Ocean Sole hutengeneza sanamu za wanyama. Vipande hugundishwa kimoja juu ya kingine, huchongwa, kisha husuguliwa hadi rangi zake zitokeze.

Jahazi la plastiki

Jaribio kubwa zaidi lilifanyika katika mji wa Lamu wenyewe. Mwaka 2016, Ben Morison alianzisha mradi wa Flipflopi kwa nia ya kuunda jahazi kwa plastiki iliyotupwa. Uundaji uliongozwa na Ali Skanda, fundi wa Lamu anayetoka katika jadi ya waunda vyombo.

Chombo hicho chenye urefu wa mita 9 kilitumia takribani tani 10 za plastiki na ndara 30,000. Plastiki iliyeyushwa ikafanywa mkuku, mataruma na mbao, nazo ndara zikaunganishwa kuwa vazi la rangi nyingi la kufunika ubavu.

Ugumu ulikuwa katika mali yenyewe. Mbao ina nyuzi zinazoipa nguvu, lakini plastiki hupinda kwa urahisi zaidi na hulainika ikipata joto. Hakukuwa na chombo cha namna hiyo cha kuigwa, hivyo mafundi walitegemea ujuzi waliorithi: kukata, kuchonga na kupiga misumari kama wafanyavyo kwa mti.

Jahazi lilishushwa majini Septemba 2018. Mapema mwaka 2019 lilisafiri kilomita 500 kutoka Lamu hadi Zanzibar, likitia nanga njiani ili wanafunzi na wakazi wa pwani waelezwe madhara ya plastiki. Mwaka 2021 ujumbe huo ulipelekwa Ziwa Victoria.

Mipaka ya ubunifu

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na Juni 2020 ikazuia plastiki za kutumika mara moja katika mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa. Ndara hazimo katika marufuku hizo. Isitoshe, sheria ya nchi moja haiwezi kuzuia kinachotupwa baharini na nyingine.

Kwa hiyo kichezeo cha Kiwayu na jahazi la Lamu havikuimaliza takataka. Vilichothibitisha ni kwamba kitu kilichohesabiwa hakina kazi kinaweza kuchongwa, kuuzwa na hata kubeba abiria, iwapo kitafika mikononi mwa mwenye ujuzi. Ujuzi huo haupatikani vitabuni. Mwanagenzi huupata kando ya fundi wake, na ukikatika, hakuna plastiki itakayoundwa chombo.