Historia ya Kura katika Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado



Katika toleo hili la kumbukumbu, Kamati imeona vema kueleza historia ya kura katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji, hasa Mocímboa da Praia na Palma. Makala haya hayampigii debe mtu wala chama. Yanajibu swali ambalo wahudumu wa mashirika huuliza: je, mtu asiyejitokeza kupiga kura hajali nchi yake?

ASILI YA MIELEKEO

Pwani hii ni ya Wamwani, Waislamu ambao wengi wao ni wavuvi na wachuuzi, na lugha yao ya Kimwani ni ndugu ya Kiswahili. Nyanda za juu za Mueda ni za Wamakonde. Huko Mueda, tarehe 16 Juni 1960, Wareno waliwafyatulia risasi wananchi waliokusanyika. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na vita vya ukombozi vilianza Chai, Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964.

Wamakonde wengi walipigana vita hivyo. Baada ya uhuru wa 1975, baadhi ya wapiganaji wa zamani walihamia Mocímboa da Praia, na baadaye walipewa pensheni. Wamwani pia walikuwa na watu wao katika mapambano, lakini wengi waliona kwamba vyeo na mafao yamekwenda kwa wengine. Siasa ya serikali ya miaka ile, iliyoibana dini, iliwaongezea uchungu. Kwa hiyo vyama vingi viliporuhusiwa, Wamakonde wengi walibaki na Frelimo, na Wamwani wengi wakaiunga mkono Renamo.

MWAKA WA MATUMAINI

Mkataba wa amani ulitiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Kati ya mwaka huo na 1996, wakimbizi wapatao milioni 1.7 walirudi Msumbiji kutoka nchi jirani, Tanzania ikiwamo. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulifanyika tarehe 27 hadi 29 Oktoba 1994. Nchini kote walijitokeza karibu asilimia 88 ya walioandikishwa. Joaquim Chissano alipata asilimia 53 na Afonso Dhlakama asilimia 34. Frelimo iliongoza katika mkoa wa Cabo Delgado, ingawa pwani ilikuwa na wafuasi wengi wa Renamo.

IMANI ILIVYOPUNGUA

Mwaka 1999 waliojitokeza nchini walikuwa karibu asilimia 70, na Renamo ilikataa matokeo. Novemba 2000 maandamano yake yaliishia kwa vifo, na huko Montepuez, Cabo Delgado, mahabusu wengi walikufa kwa kukosa hewa katika chumba kilichojaa mno. Mwaka 2004 waliojitokeza walishuka hadi karibu asilimia 36. Ni kweli daftari la wapiga kura lilikuwa bado na majina ya marehemu na ya waliojiandikisha mara mbili, lakini hata ukiliondoa hilo, watu walikuwa wamepungua.

Mwaka 2005 ulifanyika uchaguzi mdogo wa meya wa Mocímboa da Praia. Frelimo ilitangazwa mshindi kwa tofauti ndogo. Renamo ilikataa, na Septemba ikamtawaza meya wake. Yakazuka mapigano, watu wakauawa, nyumba zikachomwa na familia zikakimbia. Majirani waliouziana samaki na muhogo walianza kutazamana kwa kabila na chama.

KADI ISIYO NA KITUO

Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha walivamia vituo vya polisi Mocímboa da Praia. Mji huo ulitekwa Agosti 2020 na kukombolewa Agosti 2021. Palma ilishambuliwa Machi 2021. Kufikia 2022 waliohama makwao walikaribia milioni moja. Katika uchaguzi wa 2019 baadhi ya vituo vya Cabo Delgado havikufunguliwa kwa sababu ya usalama. Mpiga kura hupiga kura pale alipojiandikisha. Basi aliyeandikishwa Palma akalala Pemba anaweza kuwa na kadi lakini hana kituo. Mwaka 2024 waliojitokeza nchini walikuwa karibu asilimia 43, na matokeo yalifuatiwa na maandamano na vifo.

FUNDISHO KWETU

Idadi ya wapiga kura haipimi mapenzi ya watu kwa nchi yao peke yake. Inapima pia kama njia ya kwenda kituoni ni salama, kama jina liko daftarini, na kama mtu anaamini kura yake itahesabiwa. Mwaka 1994 watu wa pwani na wa nyanda za juu walitofautiana kwa chama, lakini walisimama katika foleni na kungoja matokeo.

Wahudumu wetu, msiseme mtu asiyepiga kura amelala. Mwulizeni kwanza jina lake limeandikwa wapi na amekimbia mara ngapi. Nasi wakazi, tunapochagua viongozi wa mitaa yetu kambini, tuhesabu kura mbele ya wote, na aliyeshindwa asichukuliwe kuwa adui. Mocímboa da Praia imetuonyesha gharama ya kufanya vinginevyo.

Kamati ya Wakazi