Kipande na Jela: Kumbukumbu ya Watu wa Chania

Kabla ya kuwaletea hesabu za mwaka, tumeona vema kukumbusha jambo moja la zamani, maana vijana wetu wengi wamelisikia jina lake tu.

Reli ilifika Thika mwaka 1913. Kuanzia Ruiru hadi mto Chania, mashamba ya walowezi ya kahawa na katani yalihitaji mikono mingi, na watu hawakupenda kazi ya mshahara mdogo. Ndipo sheria ya kuandikisha Waafrika, iliyopitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu, miaka ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimika kuchukua kipande: karatasi yenye jina lake, alama za vidole, mwajiri wake na mshahara wake, ikitiwa ndani ya kikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi.

Ubaya wa kipande haukuwa katika karatasi, bali katika jela iliyosimama nyuma yake. Mzungu aliyeacha kazi kabla ya muda wake aliweza kushtakiwa madai tu. Mwafrika aliyefanya vivyo hivyo alihesabiwa mhalifu. Alama za vidole zilitumiwa kumtafuta, na bila sahihi ya bwana wake wa kwanza hakuweza kuandikwa kazi na bwana mwingine. Aliyekutwa njiani bila kipande alishikwa na askari, akatozwa faini au akafungwa. Hakuiba wala hakumpiga mtu; kosa lake lilikuwa kutembea. Hivyo mwenye nchi alifanywa mgeni katika nchi yake, na gereza likawa mnyapara wa shamba.

Harry Thuku, kijana wa Kiambu, alikipinga kipande waziwazi. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922, na siku mbili baadaye umati uliokuja kudai aachiliwe ulipigwa risasi mbele ya kituo cha polisi Nairobi. Taarifa ya Serikali ilitaja waliokufa kuwa 21. Mmoja wao ni Mary Muthoni Nyanjiru. Thuku mwenyewe hakuhukumiwa na mahakama yoyote. Alihamishwa kwa amri tu hadi Kismayu, akakaa mbali na kwao karibu miaka tisa.

Mwaka 1947 ikatungwa sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote. Hapo walowezi wengi walilalamika kwamba kutoa alama za vidole ni kudhalilishwa, neno ambalo Waafrika walikuwa wamelisema kwa zaidi ya miaka ishirini bila kusikilizwa. Lakini Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, mambo yalirudi kwa ukali zaidi. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kuwa na kitabu cha pasi. Katika msako ulioanza Nairobi tarehe 24 Aprili 1954, maelfu walipelekwa vizuizini pasipo kesi, na wake na watoto wengi wakarudishwa kwa nguvu hifadhini.

Uhuru wa 1963 uliondoa utawala ule. Katiba ya 2010, kifungu cha 39, inampa kila raia haki ya kwenda na kukaa popote nchini. Kifungu cha 49 kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama ikiwa muda huo umeangukia siku isiyo ya kazi. Hata hivyo, chini ya sheria ya uhamiaji ya 2011, mgeni anayekaa au kufanya kazi bila kibali aweza kutozwa faini hadi shilingi 500,000 au kufungwa hadi miaka mitatu. Hatusemi nchi isilinde mipaka yake. Twasema kwamba kukosa karatasi na kumdhuru mtu si jambo moja, na wazee wetu walilijua hilo kwa miili yao.

Wahenga walinena: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Basi, jirani akamatwapo kwa ajili ya karatasi, awe wa kwetu au wa mbali, tusimwite mwizi. Tuulize kituo gani amewekwa, tumpelekee ndugu zake habari, na tuhesabu zile saa 24.