Sungura, Mwizi wa Maji wa Uwandani

Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho kutoka Leipzig, alipita Masasi na Newala akiwa na kinasa sauti na kamera. Kitabu chake cha 1908 kimejaa mambo ya wakubwa: jando, vinyago, ngoma. Hakuacha pia kueleza taabu ya maji. Wamakonde waliishi juu ya uwanda usio na mto, na wanawake na wasichana wakashuka mabondeni, kisha wakapanda na mitungi kichwani. Mradi wa bomba ulikuja miaka ya 1950.

Nchi ya namna hiyo, nani angethubutu kumshangilia mwizi wa maji? Watoto.

Kisa chenyewe kinasimuliwa kwa sura nyingi katika nchi za Kibantu. Wanyama wanachimba kisima, Sungura anagoma. Maji yakipatikana anakuja na kibuyu cha asali, anamlambisha mlinzi kidogo, kisha anamwambia asali hii haina budi kuliwa na mtu aliyefungwa kamba, maana utamu wake humwangusha mlaji. Mlinzi mwenyewe ananyoosha mikono. Sungura anakunywa, anajaza kibuyu, halafu anaoga humo humo! Mpaka Kobe ajipake ulimbo mgongoni na kujificha chini ya maji ndipo mwizi ananaswa. Hata hivyo, akishahukumiwa huwachagulia mahakimu namna ya kumuua, na kwa namna hiyo hiyo huponyoka.

Kunywa ni kiu, na kiu husameheka. Kuoga ni utundu mtupu, na nadhani utamu wote wa kisa uko hapo. Mtoto anayetumwa bondeni na kukaripiwa kwa kila tone linalomwagika anamsikia mdogo mwenzake akijirushia maji ya wakubwa. Na msimulizi ni bibi, yule yule mkaripiaji! Jandoni na unyagoni heshima itafundishwa kwa nyimbo na kwa fimbo. Kabla ya hapo, utovu wa adabu una ruhusa yake usiku, hadithini.

Wamisionari nao hawakuwa wageni kwa Sungura. Edward Steere, aliyewapeleka watumwa walioachwa huru Masasi mwaka 1876, alikwisha kuchapisha hadithi za Unguja mjini London mwaka 1870, na Sungura yumo. Waliotoka utumwani walikuwa na sababu zao za kumpenda mnyonge mjanja. Ng'ambo ya Atlantiki pia, sungura wa Uncle Remus, kitabu cha 1880 chenye hadithi za watumwa wa Marekani, anaokoka kwa ombi la hila kama la ndugu yake wa huku. Kwa Wajerumani mambo yalikuwa mengine: Max na Moritz, watundu wa Wilhelm Busch wa mwaka 1865, walisagwa kinuni wakaliwa na bata.

Shule zetu hazikumsaga Sungura, zilimpunguza. Mbweha wa Aesop na zabibu zake aligeuzwa Sungura na ndizi, katika shairi ambalo vizazi vya wanafunzi Tanzania vinalikumbuka, "Sizitaki Mbichi Hizi". Anaruka, anashindwa, anaondoka. Sungura wa kisimani angemtuma Fisi apande.