Msukosuko wa Nyuma ya Ndege

Msukosuko wa nyuma ya ndege ni hewa iliyovurugika ambayo kila ndege huiacha nyuma yake inaporuka. Hatari yake kubwa haitokani na injini, bali na visulisuli viwili vinavyoanzia kwenye ncha za mabawa. Chini ya bawa shinikizo la hewa huzidi la juu, hivyo hewa hupenya ukingoni kwenda juu na kujisokota. Visulisuli hivyo huzunguka kwa kupingana huku vikishuka, takriban futi 300 hadi 500 kwa dakika. Ndege ikiwa nzito na ya mwendo mdogo, huviacha vikali zaidi. Kwa kawaida havionekani kwa macho.

Mei 1972, Fort Worth, Marekani, ndege ya DC-9 iliyokuwa katika safari ya mafunzo ilipinduka ikitua nyuma ya DC-10, na wote wanne waliokuwemo wakafa. Leo Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) hugawa ndege kwa uzito: nyepesi hazizidi kilo 7,000, nzito ni za kilo 136,000 na zaidi, za wastani ziko katikati, na ndege ya A380 ina daraja lake la juu. Ndege nyepesi inayotua nyuma ya ndege nzito huachiwa maili 6 za baharini, yaani kilomita 11 hivi. Ndiyo sababu Cessna Caravan ya kwenda Zanzibar huweza kusubirishwa Dar es Salaam baada ya ndege kubwa kupaa, hata kama njia ya kurukia iko wazi. Rubani naye ana kinga yake: hukaa juu ya njia aliyopita mwenzake, na hugusa ardhi mbele ya pale mkubwa alipogusa.

Angani juu, mambo ni tofauti. Ndege zinazopishana katika miinuko ya safari ndefu hutenganishwa kwa futi 1,000 tu, na mitambo ya setilaiti huziweka barabara kwenye mstari uleule. Usahihi huo, unaosifiwa kwa haki, umewaweka walio chini moja kwa moja kwenye njia ya visulisuli vinavyoshuka.

Tarehe 7 Januari 2017, ndege ya Challenger 604 yenye watu 9 ilikuwa juu ya Bahari ya Arabu, ikitoka Maldivi kwenda Abu Dhabi. A380 iliyotoka Dubai kwenda Sydney ilipita upande wa pili, futi 1,000 juu yake. Sekunde 48 hivi baada ya kupishana, Challenger ilibiringika mara kadhaa na kupoteza karibu futi 9,000. Marubani walilazimika kuzima injini moja, wakaidhibiti ndege, wakaiwasha tena injini hiyo na kutua salama Muscat, Omani. Baadhi ya waliokuwemo waliumia, na ndege hiyo haikufaa tena kuruka. Ndege zote mbili zilikuwa zimefuata utengano uliowekwa.

Mwaka huohuo EASA, wakala wa usalama wa anga wa Ulaya, ilitoa tahadhari kuhusu msukosuko wa safarini. Rubani anaonywa asipambane nao kwa usukani wa mkia. Somo hilo lilikwishalipiwa kwa damu: New York, Novemba 2001, rubani msaidizi wa A300 iliyokuwa nyuma ya Boeing 747 aliukanyaga usukani huo huku na huku hadi mkia ukang'oka. Watu 265 walikufa. Ndege inaweza pia kusogea kulia kwa njia yake, hadi maili 2 za baharini, pale sheria za anga hiyo zinaporuhusu.

Rada ya hali ya hewa hutambua matone ya mvua, si hewa kavu inayozunguka, kwa hiyo taa ya mkanda inaweza isiwake kabla ya pigo. Abiria, ukiwa umekaa, funga mkanda safari nzima.